Emuleta Huria Ni Yako Ukiweza Kuijenga Mwenyewe

Ndugu zangu wapenda programu huria, na ninyi mliokuja kwa mapenzi ya gemu tu, hamjambo wote. Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nitatoa dai langu mapema ili mpate muda wa kutosha wa kulipinga. Leseni huria ni ruhusa. Inakuambia kwamba msimbo huu unaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Lakini ruhusa ni jambo moja na uwezo ni jambo lingine. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli ya gemu kwenye kompyuta au simu, huwa yako kweli siku ile unapouchukua msimbo wake, ukaujenga (ukaugeuza kuwa programu inayoendeshwa) kwenye mashine yako, kwenye mfumo endeshi uliouchagua wewe, na programu ikafunguka. Kabla ya siku hiyo unaishi kwa hisani ya mtu aliyekujengea.

Historia ya emuleta inaniunga mkono. Chukueni Dolphin, ambayo nitaitumia kama mfano wangu mkuu leo. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2003 ikiiga konsoli ya GameCube, na msimbo wake ulikuwa umefungwa. Waundaji walipoishiwa na hamu, kazi ilisimama, na mtu wa nje hata angekuwa na ujuzi wa namna gani asingeweza kuiokoa, kwa kuwa hakuwa na cha kushika. Mwaka 2008 msimbo ulifunguliwa chini ya leseni huria ya GPL. Mikono mipya ikaingia, na leo Dolphin inaiga GameCube na Wii, na inajengwa kwenye Windows, Linux, macOS na Android. MAME nayo, emuleta ya mashine za gemu za ukumbini iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, kwa miaka mingi ilionyesha msimbo wake kwa kila mtu huku leseni ikikataza matumizi ya kibiashara. Ilihamia kwenye leseni huria kamili mwaka 2016.

Upande wa pili kuna yuzu. Machi 2024 waundaji wa emuleta hiyo ya Nintendo Switch walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 za Marekani na kuufunga mradi. Tovuti ikazimwa, ghala la msimbo likazimwa. Aliyekuwa amezoea kupakua toleo lililokwisha kujengwa alibaki na lile alilokuwa nalo siku hiyo, basi.

Kwa kuwa nimegusa sheria, nimalize upande huo haraka. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuichunguza programu ya ndani ya PlayStation ili kuunda emuleta isiyobeba msimbo wa Sony ni matumizi halali. Uamuzi huo haugusi gemu zenyewe. Gemu zina wenyewe, na BIOS, ile programu ya ndani ya konsoli, ina mwenyewe. PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, kwa mfano, haiendeshi gemu bila BIOS ya PlayStation 2, na inayokubalika ni ile uliyoitoa kwenye konsoli uliyoinunua. Unapojenga emuleta kutoka kwenye msimbo, hupati gemu hata moja ndani yake, wala hupaswi kutarajia.

Sasa tuingie kazini. Lakini kabla ya kugusa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, lazima tuelewane kuhusu kitu tunachokijenga, maana emuleta si programu ya kawaida, na matatizo yake mengi ya ujenzi yanatokana na hilo.

GameCube ilitumia prosesa iitwayo Gekko, ya familia ya PowerPC, yenye kasi ya MHz 486. Wii ikaja na Broadway, ya ukoo huohuo, MHz 729. Kompyuta yako inatumia prosesa ya x86-64 (kama za Intel) au ya ARM, na hizi hazielewi hata amri moja ya PowerPC. Njia nyepesi ya kuziba pengo ni kusoma amri ya gemu, kuitekeleza, kisha kusoma inayofuata. Njia hiyo inatosha kwa konsoli ndogo. mGBA, inayoiga Game Boy Advance yenye prosesa ya MHz 16.78, inafanya hivyo hivyo na inakimbia vizuri hata kwenye mashine dhaifu. Kwa GameCube njia hiyo ni polepole mno. Kwa hiyo Dolphin inafanya kama mkalimani anayeandika tafsiri yake daftarini: inachukua kipande kizima cha msimbo wa PowerPC, inakigeuza kuwa msimbo wa prosesa yako, inauhifadhi kwenye kumbukumbu, na kipande hicho kikirudi tena hakitafsiriwi upya. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, na hii ndiyo kompaila ya papo kwa papo, ambayo wenyewe wanaiita JIT.

Tazameni basi mambo yalivyo. Mnapokompaili Dolphin, mnakompaili kompaila. Kompaila iliyo kwenye mashine yenu, iwe GCC, Clang au ile ya Microsoft, inafanya kazi mara moja na kuondoka. Ile iliyo ndani ya emuleta inaanza kazi gemu inapofunguliwa. Inaandika msimbo mpya kwenye kumbukumbu na kuiambia prosesa, endesha huu. Hapo ndipo mfumo endeshi unapoinua kichwa na kuuliza: nani kakuruhusu?

Windows na Linux, kwenye kompyuta ya kawaida, huruhusu. Kwenye macOS mambo yalibadilika Apple ilipotoa kompyuta za M1 mwezi Novemba 2020. Katika prosesa hizo ukurasa wa kumbukumbu hauwezi kuandikwa na kuendeshwa kwa wakati mmoja. Programu inapaswa kuomba kumbukumbu ya aina maalumu, kisha kila uzi wa kazi ugeuze swichi: sasa naandika, sasa naendesha. Msimbo ulioandikwa bila kujua sheria hiyo utakompailika vizuri kabisa, hautatoa hata onyo moja, halafu utaanguka mara tu gemu ya kwanza inapofunguliwa. Kwenye iPhone ndiyo kabisa. Apple ilianza kuruhusu emuleta za gemu za zamani kwenye duka lake Aprili 2024, na PPSSPP, emuleta ya PSP, iliingia mwezi uliofuata, lakini bila JIT, kwa sababu programu za kawaida za duka hilo haziruhusiwi kuitumia. Konsoli ya PSP ni ndogo kiasi kwamba simu ya kisasa inamudu bila msaada huo. GameCube na Wii ni mzigo mwingine.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Watu wengi huona ujenzi umefaulu pale terminali inapofika asilimia mia. Kwa emuleta, asilimia mia ni nusu ya safari. Ujenzi umefaulu gemu ikishafunguka na kuchezeka.

Tuuchukue msimbo sasa. Utakuta kwenye ukurasa wa mradi kuna kitufe cha kupakua msimbo wote katika faili moja la ZIP. Msikiguse. Dolphin, kama PPSSPP, inategemea maktaba za watu wengine, yaani vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa, na nyingi kati ya hizo zimewekwa kama moduli ndogo za Git, chombo cha kutunza msimbo na historia yake: ghala ndani ya ghala. Faili la ZIP halibebi moduli hizo. Utafungua folda ya Externals, utakuta majina ya maktaba, na ndani ya kila jina hakuna kitu. Chukueni msimbo kwa git clone, ingieni ndani ya folda, kisha andikeni:

git submodule update --init --recursive

Amri hiyo moja ingeokoa maswali mengi kuliko ushauri wote nitakaoutoa leo. Na kila mnapovuta mabadiliko mapya, irudieni, kwa sababu moduli nazo husogea. Mtu akivuta msimbo mpya na kuacha moduli za zamani hupata makosa ya ajabu, kazi za programu zinazodaiwa hazipo wakati yeye anaziona kwenye tovuti kwa macho yake.

Jambo lingine dogo kuhusu Git: kuna njia ya kuchukua msimbo bila historia yake ili kuokoa data. Kwa ujenzi wa mara moja inafaa. Lakini miradi mingi husoma historia ili kujua namba ya toleo, na bila historia emuleta yako haitajitambulisha sawasawa. Ukitaka kucheza na mwenzako kupitia mtandao, ambapo pande zote mbili zinapaswa kuwa na toleo lilelile, utajutia data uliyoiokoa. Na historia hiyo ina kazi nyingine kubwa nitakayoifikia mwishoni.

Nianze na Linux, kwa kuwa huko ndiko ujenzi unaonekana wazi, hatua kwa hatua. Unahitaji Git, kompaila ya C++ ya karibuni, CMake, na vifurushi vya maktaba: Qt kwa ajili ya madirisha, nyingine kwa sauti, kwa Bluetooth, kwa USB. Dolphin inatumia C++ ya matoleo ya karibuni, kwa hiyo mfumo wenye GCC ya miaka mingi iliyopita utakataa mapema, na hiyo ni heri, maana kukataa mapema kunaeleweka.

Kinachowakwaza watu kwenye Linux ni tofauti kati ya maktaba ya kuendeshea na maktaba ya kujengea. Unaweza kuwa na Qt tayari, programu zako zote za Qt zinafunguka, na bado CMake inasema haiioni. Haisemi uongo. Kompaila inahitaji mafaili ya vichwa yanayoeleza maktaba ina nini ndani, na kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, mafaili hayo hukaa kwenye kifurushi tofauti ambacho jina lake huishia na -dev. Kwenye Fedora huishia na -devel. Kwenye Arch vyote viwili huja pamoja. Ukisoma mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Ubuntu ukiwa kwenye Fedora, usinakili majina. Elewa kinachotakiwa, kisha kitafute kwa jina la kwenu.

Halafu unatengeneza folda ya ujenzi, unaingia, unaandika cmake .. kisha make. CMake yenyewe haikompaili kitu. Inasoma faili la CMakeLists.txt, inachunguza mashine yako, na kuandika maelekezo kwa ajili ya chombo kingine: make, Ninja, Visual Studio au Xcode. Ndiyo sababu msimbo mmoja unaweza kwenda kwenye mifumo yote hii. Kumbukeni kwamba CMake ina kumbukumbu ndefu. Iliyoyaona mara ya kwanza inayahifadhi kwenye CMakeCache.txt, na ukisakinisha maktaba iliyokuwa imekosekana inaweza kuendelea kung'ang'ania jibu la zamani. Futeni folda ya ujenzi, anzeni upya. Kwa sababu ujenzi umetengwa na msimbo, kufuta hakuharibu chochote.

Kuna mambo mawili zaidi hapa, na yote mawili ni mazito. La kwanza ni kazi sambamba. Ukiandika make -j bila namba, make huanzisha kazi zote kwa pamoja bila kikomo. Faili zito la C++ linaweza kula zaidi ya GB 1 ya RAM wakati wa kukompailiwa. Zidisheni wenyewe. Mashine ikizidiwa, Linux huchagua kazi moja na kuiua, na terminali huandika neno moja tu, Killed, bila maelezo. Mtu huanza kutafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa. Wekeni namba inayolingana na RAM yenu, hata kama prosesa ina viini vingi zaidi ya hapo. MAME ndiyo inayotisha zaidi kwa upande huu, kwa ukubwa wake. Bahati nzuri wameweka njia ya kujenga sehemu tu: unaiambia SOURCES na kutaja madraiva (sehemu za msimbo zinazoiga mashine fulani) unayoyataka, nayo inaacha mengine yote.

La pili ni aina ya ujenzi. Katika miradi mingi ya CMake, usipotaja aina, kompaila hufanya kazi bila kuboresha kitu chochote. Kwa programu ya kuandikia barua hungejua tofauti. Kwa emuleta ni kifo. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, maana yake emuleta ina milisekunde 16.7 za kuiga prosesa, kadi ya michoro na sauti, kisha ianze tena. Ujenzi wa Debug, ule wa kutafutia makosa, hauwezi kufika huko. Kabla ya kulalamika kwamba emuleta uliyoijenga ni nzito kuliko ile iliyopakuliwa, hakikisha ulitaja Release, ule ulioboreshwa kwa kasi. Na wale wanaopenda kuongeza -march=native ili kompaila itumie kila uwezo wa prosesa yao, ongezeni, ila msimpe rafiki programu hiyo. Prosesa yake ikikosa amri moja kati ya hizo, programu itaanguka kwake bila kueleza sababu.

Windows. Hapa Dolphin ina njia yake: huhitaji CMake, unafungua faili la Source/dolphin-emu.sln ndani ya Visual Studio ya karibuni, unachagua Release na x64, unajenga. Qt iliyokwisha kujengwa inakuja ndani ya moduli ndogo, kwa hiyo huitafuti popote. Wakati wa kusakinisha Visual Studio lazima uchague ile sehemu ya kutengeneza programu za C++ za kompyuta, maana Visual Studio tupu haiji na kompaila ya C++, na watu wengi hukwama hapo hapo. Windows pia ina desturi ya zamani ya kukataa anwani ya faili inayozidi herufi 260. Folda ndani ya folda ndani ya folda, ukaanzia kwenye Desktop ya kompyuta yako, utafika huko upesi. Wekeni msimbo karibu na mzizi wa diski.

Miradi mingine huchukua barabara tofauti kwenye Windows. mGBA inapendekeza MSYS2, mazingira yanayoleta GCC na vifurushi kwa mtindo wa Linux. Ni mazingira mazuri na mimi nayapenda, kwa sharti moja: msichanganye. Maktaba ya C++ iliyojengwa kwa kompaila ya Microsoft haiungani na programu inayojengwa kwa GCC. Zinapanga majina ya ndani kwa namna mbili tofauti. Kosa lake hujitokeza mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha, na hapo ndipo nataka mjifunze kusoma makosa kwa hatua zake. Ukiambiwa faili halipo, yaani No such file or directory, tatizo ni vichwa, na kompaila haijaanza hata kuelewa msimbo. Ukiambiwa undefined reference, au kwenye Windows LNK2019, kompaila imemaliza kazi yake salama na tatizo ni maktaba yenyewe: haipo, au ni ya kompaila nyingine, au ni ya prosesa nyingine. Na katika makosa mia mbili yaliyojaza skrini, someni la kwanza. Mengine mara nyingi ni watoto wake.

Kwenye macOS zana za kompaila huja kwa amri ya xcode-select --install, na maktaba watu wengi huzipata kupitia Homebrew. Tatizo linalojirudia huko ni la mashine kuwa na prosesa moja na zana za nyingine. Homebrew ya Mac za Intel hukaa /usr/local, ya Mac zenye prosesa za Apple (za ARM, kama M1) hukaa /opt/homebrew. Aliyehamisha mafaili yake kutoka Mac ya zamani kwenda mpya anaweza kuwa nazo zote mbili, na CMake ikachota maktaba za Intel huku kompaila ikitoa msimbo wa ARM. Dolphin ina hati ya Python, BuildMacOSUniversal.py, inayojenga kwa prosesa zote mbili na kuziweka ndani ya programu moja, lakini nayo inahitaji maktaba za pande zote mbili. Kama programu ni ya kwako peke yako, jengeni kwa prosesa moja na mpumzike. Jueni pia kwamba Mac za ARM hazikubali kuendesha programu isiyotiwa saini. Zana za ujenzi hutia saini ya ndani zenyewe, ila ukiichokonoa programu baada ya kujengwa, saini inavunjika na mfumo unaiua.

Michoro ya macOS nayo ina habari yake. Programu huzungumza na kadi ya michoro kupitia njia kama OpenGL, Vulkan, au Metal ya Apple. Apple iliiacha OpenGL kwenye toleo la 4.1 na mwaka 2018 ikatangaza rasmi kwamba haiiendelezi. Emuleta ikalazimika kupitia Vulkan kwa msaada wa MoltenVK, inayogeuza Vulkan kuwa Metal, au kuandika njia ya Metal moja kwa moja, kama Dolphin ilivyofanya baadaye.

Android ni ujenzi wa mbali: kompaila inakaa kwenye kompyuta, programu inakwenda kwenye simu. Unahitaji Android Studio, NDK (zana za kukompaili C++ kwa ajili ya Android), na subira wakati Gradle inapopakua vitu vyake mara ya kwanza. Kwa Dolphin, simu lazima iwe ya biti 64. Kwenye FreeBSD kompaila ya msingi ni Clang na make ya hapo si ile ya GNU, kwa hiyo hati inayotarajia make ya Linux huvunjika. Tumieni gmake, au Ninja ambayo ni ileile kila mahali.

Nirudi kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote haya, nalo ni kile ambacho mifumo mingi huifanyia afya ya msimbo. Aina ya namba iitwayo long ina biti 64 kwenye Linux na macOS, lakini biti 32 kwenye Windows, hata Windows ya biti 64. Aina iitwayo char hubeba namba hasi kwenye x86, na kwenye Linux ya ARM haibebi. PowerPC ya GameCube huweka baiti kubwa mbele, kompyuta zetu huweka ndogo mbele, kwa hiyo kila namba inayosomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya gemu lazima igeuzwe. Kurasa za kumbukumbu ni KB 4 kwenye kompyuta nyingi na KB 16 kwenye Mac zenye prosesa za Apple. Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, Linux inatofautisha. Mtu akiandika Windows.h kwa W kubwa, kwenye Windows hakuna atakayejua, lakini anayejenga programu ya Windows akiwa kwenye Linux kwa MinGW, yaani GCC ya kujengea programu za Windows, atakwama, kwa sababu huko faili ni windows.h.

Kwa emuleta, kila moja ya tofauti hizo ni hatari, kwa sababu kazi yake nzima ni kuwa sahihi hadi biti ya mwisho. Ndiyo maana ukifungua msimbo wa emuleta nzuri hukuti long. Unakuta u32, s16, u8, majina yanayosema ukubwa wake waziwazi. Nidhamu hiyo imeletwa na watu waliojenga mahali ambapo mwandishi wa kwanza hakuwahi kufika. mGBA ni ushahidi: imeandikwa kwa C, haina JIT ya kubembeleza mfumo, maktaba zake nyingi si za lazima, na leo inajengwa hata kwa ajili ya 3DS, Vita, Wii na Switch. Kwa anayeanza, sishauri aanze na Dolphin wala MAME. Anzeni na mGBA. Mtapata programu inayofunguka haraka, na mtakuwa mmeona hatua zote.

Nimeahidi kurudi kwenye historia ya Git. Tuseme gemu yako uipendayo ilikuwa inacheza vizuri, na kwenye toleo jipya vivuli vimepotea. Kati ya toleo zuri na toleo baya kuna mabadiliko 1000. Asiyejua kujenga ataandika kwamba vivuli vimepotea, na ataishia hapo. Anayejua ataandika git bisect start, ataonyesha lililo zuri na lililo baya, na Git itampeleka katikati. Atajenga, atafungua gemu, atatazama vivuli, atajibu nzuri au mbaya. Git itakata tena katikati. Kwa mabadiliko 1000, ujenzi wapata 10 unatosha kulikamata badiliko moja lenye lawama. Sakinisheni ccache kabla ya kuanza, ihifadhi kazi ya kompaila ili mafaili yasiyobadilika yasikompailiwe tena, na msisahau zile moduli ndogo katika kila kituo.

Mtu huyu huenda hajui hata mstari mmoja wa C++. Lakini atakachokileta kwa waundaji ni dhahabu: badiliko hili hapa, kwenye gemu hii, kwenye kadi hii ya michoro. Waundaji wana mashine chache na madraiva machache. Hitilafu inayotokea kwenye mfumo wako tu hawawezi kuiona, na pengine hakuna mwingine anayejenga kwenye mfumo huo zaidi yako.

Vivyo hivyo kwa mwongozo wa ujenzi. Maktaba ikibadilika jina, kifurushi kikihama, hatua moja ikiongezeka, wa kwanza kujua ni mgeni anayefuata mwongozo neno kwa neno, kwa sababu wenyeji hawausomi tena. Mkikwama leo mchana kwenye zoezi, na kisha mkajikwamua, andikeni mlichokifanya na mkipeleke kwenye mradi siku hiyohiyo, mkitaja mfumo endeshi na toleo lake, kompaila na toleo lake, namba ya badiliko mliyoijenga, amri mliyoandika ya cmake, na lile kosa la kwanza zima bila kulifupisha.

Mashine ziwe tayari na msimbo uwe umeshapakuliwa pamoja na moduli zake, kwa sababu mtandao wa ukumbi hautatutosha sote kwa wakati mmoja. Nipo kwa maswali.